Fuata mafuta, usikimbilie pampu: niliyowaambia manahodha wa Lamu

Haya ni maneno niliyosema juzi baada ya laasiri, hapa Lamu, mbele ya manahodha na vijana wa mashua. Wengi mlikuwa baharini mkaniomba niandike, basi nimeandika vile nilivyosema, sijarembesha kitu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, manahodha, na nyinyi vijana mlioko huko nyuma na simu zenu, ahsanteni kwa kuja. Najua kuna wenye mashua pale chini na maji yameshaanza kupwa, sitawaweka sana. Mimi si mtu wa kuongea, mimi ni mtu wa spana, lakini nimeambiwa niseme kidogo juu ya dizeli basi nitasema, na nikipotea nirudisheni. Na nyinyi wa injini za nyuma za petroli msiondoke, tangi ni tangi.

Nianze na swali. Injini ikizima katikati ya bahari, mkono wako wa kwanza unaenda wapi?

Naona mnacheka, mnajua wenyewe. Unaenda kwenye stata. Unapiga, haishiki, unapiga tena, unapiga mpaka betri inalia kama paka mgonjwa. Alafu? Alafu unapigia fundi simu, "fundi, pampu imekufa." Si ndio? Mimi nimepokea hizo simu miaka na miaka, na pampu nilizozikuta zimekufa kweli nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki.

Sikilizeni. Dizeli ni mashine rahisi. Haina plagi, haina cheche, inabana hewa tu ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe inapita digrii 500, alafu noseli inapuliza mafuta kidogo kama ukungu na yanawaka yenyewe. Basi. Inataka hewa, inataka kompresheni, inataka mafuta safi. Hewa Lamu hatujakosa. Kompresheni haiishi usiku mmoja, inaisha pole pole miaka na miaka na injini inakupa ishara kabla. Sasa iliyokuwa inatembea vizuri asubuhi na adhuhuri imezima, imekosa nini?

(Wakajibu: mafuta.)

Mafuta! Kwa hivo fuata mafuta. Fuata mafuta kutoka tangini, hatua kwa hatua, usirukie mwisho wa njia. Tangi, kile kibomba kinachoshuka ndani kuvuta, koki, filta ya kwanza ile yenye kikombe chini, pampu ndogo ya kuvuta, filta ya pili kwenye injini yenyewe, ndio ufike pampu kubwa na noseli, na mafuta yaliyobaki yanarudi tangini. Pampu kubwa iko karibu na mwisho, na ndio ghali kuliko vyote, sasa kwa nini sisi tunaanzia hapo?

Nitawapa kisa. Kulikuwa na yoti imetia nanga upande wa Ras Kitau, mwenyewe mgeni, mtu mzima, mpole. Injini yake ilikuwa inawaka sawa, inatembea kama dakika arubaini, alafu inapungua nguvu, inapungua, inazima. Akingoja kidogo inawaka tena. Fundi wa kwanza akamwambia pampu. Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa Mombasa kupimwa, ikarudi na bili ambayo mimi sitaki kuitaja mbele ya watu waliofunga kazi. Ikafungwa. Dakika arubaini, ikazima.

Nikaitwa mimi. Sikufungua nati hata moja. Nilimwambia washa tukae. Tukakaa, akaniletea kahawa, na ilipoanza kupungua nikaenda nikafungua kile kifuniko cha kutilia mafuta juu ya sitaha. Ikafanya fsssss, hewa inaingia kwa nguvu, na papo hapo injini ikapanda mlio, ikakaa sawa. Mzee yule akanitizama kama nimesoma dua.

Ilikuwa nini? Tangi lina kipumulio, kijipaipu chembamba cha kuingizia hewa mafuta yanapopungua. Yoti ilikaa miezi haikutembea na nyigu wale wa udongo wakajenga nyumba ndani ya kile kijipaipu. Tangi likawa linavutwa mafuta na haliingizi hewa, mwisho pampu ikashindwa. Nikachukua kipande cha waya, nikatoa udongo na vifunza vyake. Dakika tano! Na pampu ya watu imeshaenda Mombasa na kurudi.

Kwa hivo hatua ya kwanza, na haina spana: fungua kifuniko cha tangi. Tizama koki iko wazi. Tizama mafuta yamo, kwa kijiti si kwa geji, geji za mashua ni waongo. Tizama na ile waya ya kuzimia kama imerudishwa ndani, kuna nahodha, na yuko hapa, aliniita usiku kutoka Mokowe na injini haishiki kabisa, nimevuka na mashua ya kukodi kufika nakuta waya ya kuzimia bado imevutwa nje. Sitamtaja. (Walimjua.)

Sasa la pili, hewa. Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Mtu ananiambia, "fundi, nimekagua mipira yote, hakuna inapovuja, hata tone." Namwambia, ndugu yangu, mashua ikitoboka maji yanatoka ama yanaingia? Yanaingia. Sasa kutoka tangini mpaka ile pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ukinywa dafu kwa mrija na mrija una ufa, dafu halimwagiki, wewe unavuta upepo tu. Ni hivo hivo. Upande wa kuvuta, palipo na tundu hupaoni kwa jicho manake hapatoi mafuta, panaingiza hewa. Upande wa baada ya pampu ndogo ndio unatoa tone na unanuka. Kwa hivo kukauka si dalili ya uzima.

Na hewa inafanya nini? Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Pampu ikishika kipovu inakibana badala ya kusukuma mafuta, noseli haifunguki. Utasikia injini inapanda na kushuka yenyewe, vuu, vuu, kama mtu anachezea mkono wa moto, ule wa kuongezea mafuta, alafu inazima. Au inawaka asubuhi kwa yale mafuta yaliyobaki mbele na baada ya dakika mbili kwisha.

Nikisaka hewa nafanya hivi. Nina kipande cha mpira wa plastiki mweupe unaoonyesha ndani, urefu wa mkono. Nakata njia ya mafuta kabla ya filta ya kwanza, nauweka pale, nawasha, natizama na tochi. Povu likipita, tundu liko nyuma, upande wa tangi. Mafuta yakipita safi nauhamisha mbele baada ya filta. Mwaka juzi kuna mashua moja povu lilikuwa linaanzia kwenye filta yenyewe, na filta imebadilishwa wiki ile ile. Nikaifungua. Unajua nilikuta nini? Oringi mbili, zile pete za mpira za kuziba. Ya zamani ilinata juu, nyeusi juu ya nyeusi, kijana hakuiona, akaweka mpya juu yake. Ukipitisha kidole unasikia ngazi, kidole tu kilitosha. Kwa hivo kila ukibadilisha filta hesabu: imetoka oringi moja, imeingia oringi moja.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote, na haitaki kifaa. Chukua jerikeni ya lita tano, dizeli safi, ifunge juu kuliko injini, tia mpira kutoka jerikeni mpaka pampu ndogo. Umeruka tangi, umeruka koki, umeruka filta ya kwanza. Washa. Ikitembea vizuri nusu saa, injini yako nzima, maradhi yako nyuma. Isipotembea, maradhi yako mbele. Umekata shamba nusu kwa nusu. Na ukiwa umekwama baharini jerikeni ile ile inakuleta nyumbani, nimeshaona mashua ikitoka Manda Toto hadi hapa kwa jerikeni iliyofungwa kwenye mlingoti.

Kutoa hewa wengi mnajua lakini mnakimbia. Anza filta ya pili, legeza ile skrubu ya juu, usiitoe yote, weka kitambaa, alafu piga kile kimkono cha pampu ndogo. Kama kimkono kinalegea hakina uzito, usiseme kimevunjika, kemu, ule mgongo wa ndani ya injini unaosukuma pampu ndogo, imekisukuma juu, zungusha injini kidogo kitapata uzito. Itatoka povu jeupe kama la sabuni, alafu mapovu makubwa, alafu mafuta matupu. Funga yakiwa bado yanatoka. Nenda pampu kubwa, vile vile. Alafu nati za noseli, legeza, weka mkono wa moto mwisho, piga stata kidogo kidogo mpaka yaruke, kaza moja moja. Hizi injini mpya za kompyuta msiguse nati za noseli, presha yake inapita bar 1000. Na hata hizi za zamani, noseli ikiwa nje inapuliza usiweke kiganja mbele. Inapiga bar 150, bar 200, inapenya ngozi kama sindano, unaona kitundu kidogo tu hakina uchungu na ndani mkono unaoza. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho.

Na hapa kwenye stata niseme jambo ambalo bado linaniuma.

Kijana mmoja, simtaji na mashua siitaji, alipiga stata robo saa, anangoja injini ishike. Dizeli haikuwa inafika. Lakini maji ya kupoza yalikuwa yanafika! Kila injini ikizunguka ile pampu ya maji inavuta maji ya bahari na kuyatupa kwenye eksozi. Injini ikiwaka moshi unayasukuma nje. Isipowaka nani atayasukuma? Hakuna. Yakajaa, yakapanda, yakarudi nyuma mpaka silindani, na maji hayabanwi. Niliposhusha kichwa cha injini nilikuta maji ya chumvi yametulia juu ya pistoni, na fimbo moja ya pistoni imepinda. Ugonjwa wa filta ya pesa kidogo ukawa kifo cha injini nzima. Kwa hivo ukijua utapiga stata sana, funga koki ya maji ya bahari kwanza. Na injini ikishika, ifungue hapo hapo, usisahau, manake bila maji utaunguza impela, ule mpira unaozunguka ndani ya pampu ya maji.

Haya, uchafu na maji.

Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa baharia wa injini kwenye jahazi, tunatoka Malindi na simiti na mabati, msimu wa Kusi, upepo mgongoni. Safari nzima tanga linafanya kazi, injini imelala. Tumefika mdomoni hapa, maji yanatoka, Kusi inasukuma mawimbi yakutane na maji yanayotoka, mnapajua pale kunavyokuwa, mawimbi yanasimama wima. Nahodha akashusha foromali, ule mti unaobeba tanga, akasema washa. Nikawasha. Ikashika vizuri, tukaingia, na katikati ya mawimbi ikaanza kukohoa.

Kwa nini katikati ya mawimbi? Kwa nini isikohoe ikiwa gatini, maji yametulia? Hili ndilo nataka mlishike. Tangi lililotulia uchafu umelala chini, maji yamelala chini ya dizeli manake maji ni mazito kuliko dizeli, na kibomba kinavuta juu yake. Chombo kikianza kuruka, vyote vinakorogeka, na kibomba kinavuta supu. Na kama mafuta ni kidogo, chombo kikilala upande kibomba kinabaki hewani. Kwa hivo ukiambiwa injini ilizima pabaya, haikuzima pabaya kwa bahati mbaya, pale pabaya ndipo palipoizimisha.

Tulipandisha foromali tena kwa mikono ya kukimbia, tukapita, simiti kiasi ikalowa. Nahodha hakuniambia neno, na bora angenitukana. Usiku nilifungua filta. Ile karatasi haikuwa karatasi tena, ilikuwa imevaa ute mweusi, mzito, unavutika kati ya vidole kama kamasi, unanuka kama yai viza. Na kikombe chini kina maji vidole vitatu. Mafuta yale nilinunua mimi, kutoka pipa lililokaa nje na mvua, na kikombe sikukimwaga tangu safari iliyopita. Basi.

Ule ute si lami kama watu wanavyosema. Ni vidudu, bakteria na kuvu, vinaishi pale mpakani maji yanapokutana na dizeli, vinakula dizeli. Hapa kwetu kuna joto, vinapenda. Na havina mahali pa kukaa kama hakuna maji, kwa hivo adui wa kwanza ni maji. Maji yanatoka wapi? Kwenye pipa la muuzaji. Kwenye kifuniko cha sitaha ambacho oringi yake imekauka na kila ukiosha sitaha unaongeza. Na kwenye hewa yenyewe, tangi nusu tupu linatoa jasho usiku, ndio maana chombo kikipandishwa pwani miezi, tangi lijazwe.

Filta ile ya injini inashika uchafu wa mikroni 10 au chini, na unywele wako ni kama mikroni 70. Kwa hivo ukiniambia "nimetizama mafuta, ni safi," jicho lako halina habari. Ila maji jicho linayaona. Chukua chupa nyeupe ya maji ya dukani, tia dizeli ya chini ya tangi, iache itulie. Ikiwa na maji utaona mstari, juu rangi ya chai, chini cheupe. Mimi nanunua mafuta leo, naacha jerikeni isimame usiku kucha, asubuhi namimina taratibu kupitia faneli yenye kitambaa, na vidole viwili vya chini simimini. Kitambaa kiwe leso kuukuu iliyofuliwa sana, si taulo, taulo linaacha manyoya. Ila ulizia kwanza kama ni kuukuu kweli, mimi nilichukua moja nyumbani nikadhani imetupwa na sitasimulia yaliyofuata.

Moshi nao unasema. Unapiga stata na eksozi haitoi moshi wowote, mafuta hayafiki kabisa. Moshi mweupe na haiwaki vizuri, mafuta yanafika hayaungui, pengine yana maji. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, au noseli inamwaga badala ya kupuliza, au propela imeota makome na wewe umeongeza moto. Wa buluu ni oili, hiyo si hadithi ya leo.

Kijana mmoja aliuliza, "fundi, na hii ya kuchanganya mafuta ya taa?" Mwanangu, serikali mwaka 2018 ilitia ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo ya watu kuchanganya. Injini itawaka, sikudanganyi. Lakini pampu kubwa na noseli hazina oili yake, dizeli yenyewe ndio oili yake, na mafuta ya taa ni makavu. Hapo ndio pampu itakufa kweli, na mimi nitakuwa mwongo.

Mzee mwingine akauliza kama hii dizeli ina laana na bahari. Watu walicheka, lakini nilimjibu: Rudolf Diesel mwenyewe, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi sawasawa mwaka 1897, mwaka 1913 alipanda meli ya usiku kutoka Antwerp kwenda Uingereza, asubuhi hayumo chumbani, maiti ikaonekana baharini siku kadhaa baadaye. Hiyo laana, kama ipo, ni yake. Zetu ni maji kwenye kikombe.

Haya, maji yamebaki kidogo. Kuna mashua pale chini, mwenyewe amekubali tumfungulie filta mbele yenu, anasema imebadilishwa juzi juzi tu. Wenye spana ya 10 na ya 17 njooni nazo, mwengine alete chupa nyeupe, na mtu alete kitambaa ambacho mkewe anajua kimetoka.